Jaji Asiyemwona Mgonjwa

Mkalimani ndiye aliyeanza. Alitaka kujua jambo moja tu: mtu aliyenyimwa mafao ya ulemavu na serikali ya Marekani akifika mahakamani, jaji humuuliza nini?

"Hamuulizi chochote," wakili akajibu. "Wala hamwoni. Anasoma jalada."

"Jalada peke yake?"

"Jalada peke yake, mama."

Mjadala huu umepangwa kwa sauti tatu, na hakuna haja ya kuzipa majina, kwa kuwa hoja zao husikika popote mashauri haya yanapozungumzwa. Wakili huwatetea waombaji. Mzee alitumikia upande wa serikali kwa miaka mingi na bado anauamini mfumo ule. Mkalimani hana shahada ya sheria. Kazi yake ni kukaa katikati ya daktari na mgonjwa, au ya ofisa na mwombaji, akiyapitisha maneno kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na kuyarudisha. Wengi anaowasaidia wametoka Kongo. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha waliyokuja nayo kutoka kambini.

Kabla ya kuwasikiliza, inafaa msomaji aijue njia yenyewe. Marekani ina mifuko miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza ni bima ya ulemavu, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956: mfanyakazi hukatwa mshahara, na akiumia kabla ya kustaafu hulipwa kutokana na michango hiyo. Wa pili ulianza kulipa Januari 1974, nao ni wa maskini waliozeeka au wenye ulemavu, hata kama hawakuchangia. Humo mtu asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989.

Kwa watu wazima, kipimo cha ulemavu ni kimoja katika mifuko yote miwili, tena ni kikali. Haitoshi kuwa mgonjwa, wala haitoshi kushindwa kazi uliyoizoea. Lazima ushindwe kazi yoyote ya maana inayopatikana kwa wingi katika uchumi wa taifa, na hali hiyo iwe imedumu au itadumu angalau miezi 12, au iwe ya kuua. Sheria inasema wazi kwamba haijalishi kama kazi hiyo iko karibu na kwako, au kama kuna mwajiri atakayekuchukua.

Maombi mawili kati ya matatu hukataliwa katika hatua ya kwanza. Aliyekataliwa huomba uamuzi uangaliwe upya. Akikataliwa tena, huomba kusikilizwa na jaji wa utawala, ambaye ni mwajiriwa wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ile ile iliyomnyima. Kutoka hapo huenda kwenye Baraza la Rufaa, lililo ndani ya mamlaka hiyo hiyo. Ni baada ya milango yote hiyo kufungwa ndipo anaweza kufungua shauri katika mahakama ya wilaya ya shirikisho. Kila mlango una siku 60 za kuomba kuupita.

Mzee haoni dhuluma katika mpangilio huu. "Tazameni namna ule usikilizwaji wa jaji wa utawala ulivyo," akasema. "Hakuna wakili wa serikali anayesimama upande wa pili kumbana mgonjwa. Mahakama ya Juu yenyewe ililitambua hilo mwaka 2000, katika shauri la Sims: jaji wa utawala ana wajibu wa kutafuta ushahidi wa pande zote mbili, ule wa kumpa na ule wa kumnyima. Yeye ndiye aliyemwona mtu, akamsikia sauti, akamwangalia anavyokaa kitini. Jaji wa shirikisho ana nini cha kumzidi?"

Hoja hiyo ina uzito, na sheria inaiunga mkono. Tangu 1939 kifungu kinachoruhusu mahakama kuupitia uamuzi kinaeleza pia mpaka wake: matokeo ya uchunguzi wa mamlaka, yakiwa na ushahidi wa kutosha, ni ya mwisho. Na huo "ushahidi wa kutosha" ni kiasi gani? Mwaka 1938, katika shauri la kampuni ya umeme lisilohusu wagonjwa hata kidogo, Mahakama ya Juu ilisema ni zaidi ya chembe tu: ni kile ambacho mtu mwenye akili timamu angeweza kukikubali kuwa kinatosha. Kipimo hicho cha chembe ndicho kinachotumika mpaka leo kwa mtu aliyeumia mgongo.

"Kwa hiyo," mkalimani akauliza taratibu, "mahakama haijiulizi kama mtu huyu ni mgonjwa?"

"La, mama. Inajiuliza kama aliyesema si mgonjwa wa kiwango hicho alikuwa na kitu cha kushikilia."

Palepale ndipo penye kiini cha mjadala. Maswali hayo mawili si ndugu. Mtu anaweza kuwa hawezi kufanya kazi kweli, na bado uamuzi wa kumnyima ukasimama mahakamani, kwa sababu ndani ya kurasa mia nane zipo tatu zinazotosha kumfanya mtu mwenye akili timamu akubali. Wanaoshindwa mara nyingi hudhani wameambiwa waongo. Hakuna aliyewaambia hivyo. Hilo halikupimwa kabisa.

Wakili alilileta shauri la mwaka 1971. Dereva wa lori wa San Antonio, Texas, alikuwa amejeruhiwa mgongo kazini. Daktari aliyekuwa akimtibu alikuja kutoa ushahidi kwamba hawezi kazi. Upande wa pili zililetwa ripoti za madaktari waliompima kwa niaba ya serikali. Wao hawakufika, na hakuna aliyewahoji. Mahakama ya Juu iliamua kwamba ripoti hizo za maandishi zinaweza kuwa ushahidi wa kutosha, hata pale anayezipinga ni daktari aliyekuja kwa miguu yake akakaa kizimbani.

"Alikuwa na haki ya kuomba waitwe," mzee akakumbusha. "Hakuiomba."

"Kweli, hakuiomba. Lakini tangu siku ile karatasi ndiyo inayotawala."

Mkalimani alikuwa na lake kuhusu karatasi, na huenda ndilo jambo zito kuliko yote yaliyosemwa. "Basi niwaambie karatasi inavyoandikwa," akaanza. "Mama wa Kivu anaingia kwa daktari. Daktari anauliza, habari za leo? Anajibu, nzuri. Unaendeleaje? Sijambo, daktari, tunashukuru Mungu. Kwetu huwezi kuanza kwa kulalamika. Kwanza salamu, ndipo shida. Hata aliye kitandani hospitali hujibu sijambo, kisha ndiyo anakwambia usiku hakulala. Mimi natafsiri kama alivyosema. Daktari ana dakika kumi na tano. Anaandika: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Yale ya usiku nayo labda yanaandikwa, labda hayaandikwi."

Hakuna aliyemkatiza.

"Miaka miwili baadaye," akaendelea, "jaji anayenukuu jalada anaona 'anaendelea vizuri' mara sita. Hiyo si chembe. Hizo ni chembe sita."

Mahakama haiwezi kulisahihisha hilo kwa kumwita yule mama aeleze. Ushahidi mpya haupokelewi hivi hivi. Sheria inamruhusu jaji kulirudisha shauri ili ushahidi wa nyongeza upokelewe na mamlaka, lakini lazima uwe wa maana na kuwe na sababu nzuri ya kutoutoa mapema. Na mamlaka nayo hubeba mzigo wake: inatoa wakalimani bila malipo kwa waombaji wake. Lakini ile salamu iliyogeuka ushahidi ilipita kliniki, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria mahakama.

Kisha wakafika kwenye kazi zenyewe. Mzee alieleza kwa haki kwamba mamlaka haiwezi kusema tu "kafanye kazi nyingine". Mbele ya jaji wa utawala huitwa mtaalamu wa ajira, anayetaja kazi ambazo mtu wa hali ile angeweza kuzifanya na idadi yake nchini. Wakili akauliza mtaalamu huyo anatoa wapi majina ya kazi. Jibu ni kamusi ya kazi ya Wizara ya Kazi, iliyochapwa mara ya kwanza 1939 na kusahihishwa mara ya mwisho 1991, ikiwa na kazi zaidi ya 12,000. Kwa miongo mitatu watu wamenyimwa mafao kwa kuambiwa wanaweza kuchambua karanga na kokwa, au kukagua vipande vya mbao vya kuungia samani, au kuchakata mayai. Ni Juni 2024 tu ndipo mamlaka ilipotangaza kuzifuta kazi 114 za kamusi hiyo katika maamuzi yake.

"Walizifuta," mzee akasema. "Mfumo ulijirekebisha."

"Baada ya miaka 33, mzee wangu."

Shauri la Biestek, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019, linaonyesha chembe inavyofanya kazi. Mdai alikuwa fundi seremala na kibarua wa ujenzi, akisumbuliwa na uti wa mgongo, homa ya ini na sonona. Mtaalamu wa ajira alisema kuna kazi 240,000 za kuunganisha vitu mezani na 120,000 za kuchambua bidhaa. Wakili wa mdai akaomba kuona takwimu hizo zimetoka wapi. Mtaalamu akajibu kwamba sehemu yake imetoka katika uchunguzi wake binafsi kwa wateja wake, na ni siri. Kwa kura sita dhidi ya tatu, mahakama ikasema kukataa huko peke yake hakuufanyi ushahidi wake kuwa pungufu ya kutosha; kila shauri litazamwe kwa hali yake. Jaji Kagan aliiandika hukumu. Jaji Gorsuch, ambaye hakuna anayemdhania kuwa mpenzi wa matumizi ya serikali, alipinga, na Jaji Ginsburg akaungana naye. Sotomayor aliandika upinzani wake mwenyewe. Hoja ya Gorsuch ilikuwa rahisi: mtu mwenye akili timamu hawezi kuridhika na namba ambazo mwenye nazo anakataa kuzieleza, huku zikiwa zinaweza kupatikana.

Mwandishi wa makala haya yuko upande wa Gorsuch hapa, na anadhani msomaji yeyote aliyewahi kudai risiti dukani atamwelewa.

Mzee hakuyumba. Alihama kwenda penye nguvu zake. "Mnazungumza kana kwamba kila anayeomba ni mgonjwa. Nitawakumbusha Kentucky." Eric Conn alikuwa wakili maarufu wa mashauri haya katika milima ya Appalachia, mwenye mabango makubwa barabarani. Alikuwa akiwahonga madaktari watie saini fomu zilizokwisha kujazwa, na akimhonga jaji wa utawala aidhinishe maombi. Serikali ilikadiria kwamba mafao yaliyopatikana kwa njia hiyo yangegharimu zaidi ya dola milioni 550. Conn alikiri makosa mwaka 2017, akatoroka kabla ya hukumu, akakamatwa Honduras Desemba mwaka huo. "Fedha hizo ni za seremala, dereva na mpishi," mzee akasema. "Kila senti aliyoichukua mwongo imekatwa kwenye mshahara wa mtu."

"Na waliokuwa wateja wake?" wakili akauliza. "Zaidi ya 1,500 walipelekewa barua kwamba mafao yao yanapimwa upya, na ushahidi wa madaktari wale unatupwa. Wengine walikuwa wagonjwa kweli, na hawakujua alichokuwa akifanya wakili wao. Walipoomba nafasi ya kuonyesha kwamba ushahidi wao si wa uongo, wakaambiwa hakuna nafasi hiyo. Nani aliwapa? Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, Novemba 2018. Bila mahakama, mzee wangu, udanganyifu wa mtu mmoja ungekuwa hukumu ya kila mtu aliyewahi kupanda ngazi za ofisi yake."

Mzee alikiri kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki. Akaongeza, na ni vyema iandikwe, kwamba yaliyotokea miaka ya 1980 nayo yalimuumiza.

Wasiokumbuka wanahitaji kuambiwa. Kuanzia Machi 1981 serikali ya Reagan iliharakisha kupitia upya majalada ya waliokuwa tayari wanalipwa. Katika miaka mitatu hivi karibu watu nusu milioni waliandikiwa kwamba hawastahili tena, wakiwamo wagonjwa wengi wa akili, watu ambao kufungua barua na kujibu kwa wakati ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mahakama zikaamua kwamba mtu hawezi kuondolewa bila kuonyeshwa kuwa hali yake imepata nafuu. Mamlaka ikajibu kwamba itamlipa yule aliyeshinda, lakini haitaifuata kanuni hiyo kwa wengine, hata wanaoishi chini ya mahakama ile ile ya rufaa. Kila mgonjwa aende akashinde mwenyewe. Mwaka 1984 Bunge liliingilia kati kwa sheria iliyodai ushahidi wa nafuu kwanza. Haikupata hata kura moja ya kupinga, si katika Baraza la Wawakilishi wala katika Seneti.

New York palikuwa na la ndani zaidi. Ilibainika kwamba maofisa walikuwa na utaratibu usiotangazwa: mgonjwa wa akili ambaye ugonjwa wake haukulingana na orodha rasmi alihesabiwa moja kwa moja kuwa anaweza kazi isiyohitaji ujuzi. Maelfu walikataliwa hivyo, na siku zao 60 zikapita bila wao kujua kuna kitu cha kupinga. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu, bila jaji hata mmoja kupinga, ilisema serikali haiwezi kuficha sababu ya kumnyima mtu kisha ikamlaumu kwa kuchelewa kuipinga.

Sababu. Neno hilo ndilo wakili aliloling'ang'ania mpaka mwisho. Akasema hadai majaji wa shirikisho wageuke madaktari, wala hadai chembe ifutwe. Anachotaka kishikwe kwa mikono miwili ni kanuni ya mwaka 1943, iliyotoka katika shauri la Chenery kuhusu hisa za kampuni: mahakama huupima uamuzi wa ofisi ya serikali kwa sababu zile tu ofisi ilizozitoa yenyewe wakati wa kuamua. Mwanasheria wa serikali hawezi kuja baadaye na sababu nzuri zaidi mfukoni. Ikiwa jaji wa utawala alimkataa daktari aliyemtibu mgonjwa miaka sita, na akaandika tu kwamba maoni yake hayaendani na rekodi, bila kusema ukurasa upi na kwa vipi, shauri lirudi.

"Na yanarudi kweli," mzee akasema. "Karibu nusu ya mashauri yanayofika huko hurudishwa, miaka mingine zaidi. Lakini msisahau kwamba mawakili huchagua. Hulipwa sehemu ya malimbikizo, isiyozidi robo, na hawabebi kesi dhaifu. Hiyo nusu haina maana kwamba nusu ya maamuzi yote ni mabovu."

Yuko sahihi. Mashauri yanayofika mahakamani ni kidole tu cha mkono mzima. Ila uchunguzi wa maprofesa wawili wa sheria, Jonah Gelbach na David Marcus, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha jambo ambalo uchaguzi wa mawakili haulielezi vizuri: ziko wilaya zilizorudisha takribani mashauri mawili kati ya kumi, na nyingine saba kati ya kumi. Sheria ni moja, kamusi ya kazi ni ile ile, chembe ni ile ile. Mgongo ulioumia hupimwa kwa anwani ya mwenye mgongo.

Upande wa majaji wa utawala nao una mzigo wake. Mwaka 2007 uongozi wao uliwataka watoe maamuzi kati ya 500 na 700 kwa mwaka. Anayetoa 700 anamaliza karibu matatu kila siku ya kazi, huku majalada yakiwa na mamia ya kurasa. Mzee aliitaja idadi hiyo kama utetezi. Wakili aliichukua kama ungamo. Msomaji anaweza kuipima mwenyewe.

Mkalimani alirudi kwenye muda. Kati ya mwaka wa fedha wa 2008 na 2019, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ilihesabu watu 109,725 waliofariki wakisubiri uamuzi wa mwisho wa rufaa zao. Wengine takribani 48,000 waliomba kufilisiwa wakiwa katika kusubiri huko, kati ya 2014 na 2019. Wakili akakumbuka shauri la Eldridge la mwaka 1976, ambamo Mahakama ya Juu ilikubali mafao yakatwe kwanza na mtu asikilizwe baadaye, kwa hoja kwamba hasara ya kusubiri si kubwa sana. Jaji Brennan, katika upinzani wake, alieleza kilichompata mdai mwenyewe: nyumba ilichukuliwa na mwenye deni, samani zikabebwa, na baba, mama na watoto wakawa wanalala kitanda kimoja.

"Wangu wana saa nyingine tena inayotembea," mkalimani akasema. "Mkimbizi kwenye ule mfuko wa maskini ana miaka saba tu, ikihesabiwa tangu alipopewa hadhi ya ukimbizi. Baada ya hapo, asipokuwa raia, kwa kawaida halipwi tena. Ombi, kuangaliwa upya, jaji, baraza, mahakama: miaka minne, mitano, inaliwa hapo. Na uraia unataka mtihani wa Kiingereza, au daktari aandike kwamba ugonjwa unamzuia kujifunza. Karatasi nyingine."

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba hilo si la mahakama, ni la Bunge, lililoandika sheria ile.

"Sawa, mzee. Lakini nijibuni hili la mwisho, ili nikiulizwa nisiseme uongo. Jaji wa shirikisho akishasema uamuzi ulikuwa na kasoro, mgonjwa wangu analipwa?"

"Mara chache sana," wakili akajibu. "Kwa kawaida shauri linarudishwa lisikilizwe upya."

"Linarudi kwa nani?"

Wakili alimtazama mzee, naye mzee ndiye aliyejibu. "Kwa jaji wa utawala yule yule, isipokuwa mahakama au Baraza la Rufaa waagize vinginevyo, au awe amekwisha kurudishiwa shauri hilo mara moja."

Mkalimani alitoa daftari lake, akaandika jibu hilo kwa Kiswahili.